Msemo Mmoja, Kazi Moja: Mwongozo Kamili wa Kupata Funzo na Moyo Kwenye Misemo na Nukuu

Kila asubuhi, kabla sijatoa ndoo za mbegu barazani, nafuta ubao. Ni ubao mweusi wa kawaida, wa mbao za paina, umeegemea nguzo ya duka langu la pembejeo hapa Makambako, karibu na pale barabara kuu inapogawanyika, moja ikishika Njombe na Songea, nyingine ikiendelea Mbeya. Naandika msemo mmoja kwa chaki. Upepo wa Makambako haumbembelezi mtu. Ikifika saa nane mchana nusu ya herufi zimeshaondoka na vumbi.

Nilianza mwaka 2015, na sababu yenyewe ilikuwa biashara: mtu akisimama kusoma, jicho linashuka kwenye bei ya mbolea. Lakini ukikaa nyuma ya ubao miaka yote hii unaona mambo. Wengi husoma, huitikia kwa kichwa, huguna "kweli kabisa", kisha huondoka vilevile walivyokuja. Wachache huondoka na kitu wanachokwenda kukitumia. Hao wachache nimewachunguza, mimi mwenyewe nimejichunguza, na ninachoandika hapa ni kile nilichoona wanakifanya.

Hatua ya kwanza: liandike jambo lako kabla ya kutafuta msemo

Februari moja niliandika "Mvumilivu hula mbivu". Mwandiko ulikaa vizuri siku hiyo, nikajipongeza. Kwenye saa tatu akaja mama mmoja kutoka upande wa Wanging'ombe, amejitanda kanga, mkononi ana mhindi aliong'oa na mizizi yake. Akausoma ubao kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akasema, "Kamwene, dada. Mahindi yangu yote yako hivi. Sasa huyo mvumilivu atakula nini?" Akafunua moyo wa mhindi kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na kiwavijeshi kimoja kinene, kimezungukwa na kinyesi chake kama unga wa mbao uliolowa. Nikafuta ubao kwa mkono wa sweta.

Yule mama hakupungukiwa uvumilivu. Alipungukiwa siku. Kila jioni aliyochelewa kupuliza dawa, mstari mwingine wa mahindi uliliwa. Msemo wangu ulikuwa wa kweli na wa heshima, na ulimwambia afanye kinyume kabisa cha alichotakiwa kufanya. Tulichozungumza baadaye hakikuwa na methali hata moja: apulize jua likishapoa, dawa iingie ndani ya moyo wa mmea, arudi shambani baada ya siku chache akague upya.

Kwa hiyo anza hapa. Chukua karatasi, andika jambo lako kwa sentensi moja ambayo ndani yake kuna mtu, kitu na muda. "Nimechoka na maisha" bado si jambo, ni wingu. "Nimekopa Sh 300,000 kwenye kikoba, marejesho ni Jumamosi, na mkononi nina 80,000" hilo ni jambo. "Mwanangu hanisalimii tangu Pasaka" ni jambo. Kuandika hivi kunauma kidogo, na nadhani ndiyo maana watu hukimbilia picha ya machweo yenye maneno ya mtu wa Marekani: picha haikuulizi deni ni la nani.

Ukishindwa kuiandika hiyo sentensi, usiende hatua ya pili. Kaa nayo hata siku mbili.

Hatua ya pili: okota misemo mahali inapotumika

Hapa sitakaa sana, maana misemo haijawahi kuwa adimu. Iko kwenye malori yanayolala hapa mjini yakielekea Tunduma, kwenye bajaji, kwenye vilabu vya ulanzi msimu wa mvua, na kwenye kanga, ambapo maneno yana jina lake kabisa: kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule ujumbe. Wanawake wa zamani hawakununua kanga kwa rangi tu, walinunua jina lake, na jirani aliyetakiwa kulisoma alilisoma.

Ushauri mmoja tu, unaohusu wazee. Usimwendee mzee ukamwambia, "Shikamoo babu, naomba methali." Atakuambia hana, au atakupa ile uliyoisoma shuleni. Muulize alimwambia nini kijana wake aliporudi mikono mitupu kutoka mjini. Muulize mama yake alisema nini siku ng'ombe wa mwisho alipokufa. Hapo msemo unatoka na nyama yake: nani alisema, kwa nani, siku gani. Viandike vyote vitatu pamoja na msemo, na kama mzee kausema kwa Kibena au Kihehe, uandike kwa lugha hiyohiyo kwanza. Tafsiri itakuja.

Hatua ya tatu: fungua neno moja moja

Methali zetu nyingi za Kiswahili zilizaliwa pwani, nasi huku juu tunaziimba tangu shule ya msingi bila kujua zinaongelea nini. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Nilijibu mtihani kwa methali hii, nikaandika kwamba mwenye bidii hufanikiwa, nikapata alama. Upwa sikuujua. Mtoto wa Njombe atauonea wapi?

Niliuona nikiwa mtu mzima, siku niliyokwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Bahari ilikuwa imerudi nyuma, imeacha mchanga mpana uliolowa, na watu wanainama na kuinuka wakichokoa kwa vijiti, wengine wameshika ndoo ndogo. Hawakuwa na mtumbwi wala nyavu. Walikuja tu pale ambapo bahari imeacha kitu, kwa saa ambayo imekiacha, kwa sababu maji yatarudi. Jioni wali wao una kitoweo. Nikasimama pale na viatu mkononi, methali ya miaka ishirini ikageuka mbele yangu. Nilikuwa nimeisikia kama "jitahidi". Kumbe inasema: jua maji yanatoka saa ngapi, uwepo hapo. Kwetu upwa ni gulio jioni, pale muuzaji anapotazama mzigo uliobaki na umbali wa nyumbani. Kuna dada namfahamu anayelisha familia yake kwa saa hiyo moja ya siku ya gulio. Hajawahi kusoma methali hiyo, ila yeye ndiye mgaagaa.

Chukua nyingine, "Haba na haba hujaza kibaba". Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka. Vinne vilifanya pishi. Leo sokoni tunapima kwa sado, lile kopo lililoanza maisha yake likiwa na rangi ya nyumba. Mimina maharage kwenye sado na utazame: chombo kina mdomo. Kina mahali pa kufika. Watu wengi wanaojiwekea akiba na kukata tamaa ni wale wanaotupia haba zao kwenye chombo kisicho na ukingo. Kwa hiyo swali ambalo methali hii inakuuliza ni hili: kibaba chako ni kiasi gani? Ada ya mtoto, Sh 120,000? Basi hicho ndicho kibaba, na kila Ijumaa unajua umefika wapi. Na kikijaa, acha. Kuna tabia ya kufunga viazi hadi gunia linaota kichwa, tunaiita lumbesa, imepigwa marufuku na bado ipo, na nimeona watu wanaoishi lumbesa: kila wanachofikia wanakiongezea kichwa.

Sasa nirudi kwa mvumilivu wangu, maana nilimdharau bure siku ile. Nenda kwenye shamba la parachichi, Njombe au Rungwe. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, kuiva linaiva likishachumwa. Ukilichuma changa litanyauka na kuwa kama mpira. Ukiliacha ukisubiri lilainike juu huko, utasubiri mpaka lidondoke lenyewe na kupondeka. Tena mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, wakati wa mbegu unaweza kukuzungusha miaka mingi zaidi. Basi mvumilivu anayekula mbivu ni nani? Ni yule aliyechagua mche, akasubiri ukomavu, akajua siku ya kupanda na kikapu, kisha akasubiri tena ndani ya nyumba. Kusubiri ni mara mbili na katikati kuna kazi. Siku hizi nikiiandika methali hii ubaoni, pembeni nachora parachichi. Linafanana na viazi, lakini watu huuliza, na hapo mazungumzo yanaanza.

Njia ya kufanya hivi ni rahisi. Pigia mstari kila jina la kitu lililomo kwenye msemo: mvungu, upwa, gogo, chawa, ndwele. Kitu usichowahi kukishika, kitafute au muulize aliyekishika. Msemo usio na kitu cha kushika hata kimoja, kama vile "amini katika ndoto zako", mimi huuacha. Haunipi pa kuanzia.

Hatua ya nne: muulize mwenye maneno ni nani

Hii inaonekana kama kazi ya walimu, lakini jina lililobandikwa chini ya nukuu ndilo hutupofusha. Tukiona Mandela tunaacha kufikiri.

Kuna maneno maarufu yanayosema hofu yetu kubwa kuliko zote haitokani na udhaifu wetu, bali na nguvu tuliyonayo. Yamezunguka dunia nzima na picha ya Nelson Mandela, kwamba aliyasema kwenye hotuba ya kuapishwa mwaka 1994. Hakuyasema. Yaliandikwa na mwanamke wa Marekani, Marianne Williamson, kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1992. Yanabadilika nini? Kwangu yanabadilika sana. Yakiwa ya Mandela, unayasikia kama maneno ya mtu aliyetoka gerezani baada ya miaka 27, unajiona huna haki ya kuyahoji. Yakiwa ya mwandishi anayezungumzia mambo ya rohoni, unaweza kuyapima kama maneno mengine. Mimi niliyapima nikaona hofu yangu kubwa ni mkopo wa benki, na kwamba sitaki kuipamba.

Au ile ya Abraham Lincoln, kwamba akipewa saa sita kukata mti atatumia nne za kwanza kunoa shoka. Haijapatikana kwenye maandishi yake wala hotuba zake, na matoleo yake ya mwanzo yalianza kuonekana miaka mingi baada ya yeye kufa mwaka 1865. Niliiandika ubaoni hata hivyo, na akaipinga mteja mmoja anayefanya kazi ya kuangusha miti huko Mufindi, kwenye msitu wa Sao Hill. Aliweka mfuko wa dawa chini akacheka. "Dada, saa nne unanoa nini? Utamaliza meno." Akanieleza wanavyofanya na misumeno ya mashine: kila wanapozima kujaza petroli, anatoa tupa mfukoni, anapitisha kwenye kila jino la mnyororo, mara mbili tatu, kwa mkono uleule na mshazari uleule, kisha anawasha. Jino likigusa mchanga au jiwe, ananoa hapohapo. Akichelewa, msumeno unatoa vumbi badala ya vipande, na hapo ndipo mikono inapoumia.

Nikafuta Lincoln nikaandika, "Noa kila unapojaza mafuta". Sina shaka huo ndio msemo bora kuliko yote iliyowahi kukaa kwenye ubao wangu, na hauna jina kubwa chini yake.

Kwa nukuu za Mwalimu Nyerere kazi ni nyepesi zaidi, maana hotuba zake nyingi zina tarehe na mahali. "Kupanga ni kuchagua" ni ya mwaka 1969, alipokuwa akiwasilisha mbele ya TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Ukijua hivyo, maneno yanapata uzito wake halisi. Nchi haikuwa na fedha za kufanya kila jema, kwa hiyo kupanga kulimaanisha kuamua jema lipi liachwe kwanza. Huwa namwona mtu anayeisoma dukani kwangu akiwa na fedha ya mifuko mitatu ya mbolea ya kupandia na shamba la mifuko mitano. Na ile nyingine, "Inawezekana, timiza wajibu wako", siku hizi inachapwa kwenye fulana ikiwa imekatwa: "Inawezekana!" peke yake. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na jasho.

Vipi kuhusu Mkwawa, mtemi wa Wahehe? Mtu akikuletea nukuu ya Mkwawa yenye Kiswahili cha semina, jiulize nani alikuwepo pale akaandika. Tunachokijua kwa uhakika ni matendo: alivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, ngome yake ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, na alivyoendelea kupigana porini miaka karibu minne baada ya hapo. Kama unatafuta funzo kwake, kwenda Kalenga ukaliangalia fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 kutakupa zaidi ya sentensi yoyote ya kubuni.

Na zile zinazoitwa tu "methali ya Kiafrika", kama ile ya kwenda haraka peke yako na kufika mbali mkiwa wengi: nimewauliza wazee Wabena, Wahehe na Wakinga, hakuna aliyelelewa nayo. Haimaanishi ni mbaya. Lakini tunayo "Kidole kimoja hakivunji chawa", na yeyote aliyewahi kumbana chawa kati ya kucha mbili za gumba anajua ukweli wake kwa mkono.

Hatua ya tano: uletee mpinzani wake

Karibu kila msemo una mwenzake anayeupinga, na wote wawili ni halali. "Haraka haraka haina baraka" anakaa nyumba moja na "Ngoja ngoja huumiza matumbo", na jirani yao ni "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". "Umoja ni nguvu" yuko na "Wapishi wengi huharibu mchuzi". Watu wengine huona hii kama dosari ya methali. Kwangu ndiyo akili yake: wazee walituachia mizani yenye sahani mbili, kosa ni kupima kwa sahani moja.

Andika msemo uliokuvutia, chini yake andika unaoupinga, kisha rudi kwenye ile sentensi yako ya hatua ya kwanza na ujiulize swali moja: jambo hili linaharibika kwa kukaa, au kwa kuguswa? Nyanya za Ilula zikishajazwa kwenye matenga zinaharibika kwa kukaa; huko "haraka haraka haina baraka" ni hasara. Tofali mbichi linaharibika kwa kuguswa. Deni la kikoba linaharibika kwa kukaa. Ugomvi na dada yako, siku ile ile ya ugomvi, mara nyingi unaharibika kwa kuguswa, na wiki tatu baadaye umegeuka, sasa unaharibika kwa kukaa. Ndiyo maana msemo uliokufaa mwezi uliopita unaweza kukupoteza mwezi huu.

Hatua ya sita: upe msemo siku na saa

Nina daftari dogo, la kawaida, limelowa pembeni kwa sababu linakaa karibu na dawa. Kila msemo ninaouchukua kwa ajili yangu mwenyewe unapata ukurasa mmoja. Ukurasa wa Aprili mwaka mmoja unasomeka hivi: juu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame". Chini yake, jambo: wateja wanne wanadaiwa tangu msimu wa kupanda, naona aibu kuwafuata. Kisha, kuinama kwangu ni nini: kwenda kwao mwenyewe bila kutuma mtu, na kuanza na yule ninayemwogopa. Kisha, lini: Jumapili baada ya ibada. Mwisho nimeacha mistari mitatu mitupu ya matokeo. Matokeo yaliyoandikwa baadaye: wawili walilipa, mmoja alilipa mahindi debe mbili, mmoja alihama.

Angalia neno "kuinama" lilivyofanya kazi pale. Bila hatua ya tatu ningeandika "nitajitahidi kukusanya madeni", na ningetuma kijana. Mvungu ni chini ya kitanda. Hakuna anayeinama kwa niaba yako.

Msemo mmoja kwa wiki unatosha. Mwenye misemo saba kwa wiki hana hata mmoja, na mimi ninayeandika mmoja kila siku ubaoni nasema hivyo nikijua: ile ya ubaoni ni ya wapita njia, ya daftari ni yangu.

Hatua ya saba: ukitaka kumtia mtu moyo

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na kwa nia njema.

Mpwa wangu alifeli kidato cha nne. Alipofika kwangu nilikuwa nimeshaandaa maneno: "Kuanguka si kushindwa, mwanangu." Akanijibu kwa adabu, "Ahsante shangazi, kila mtu ananiambia hivyo." Nikanyamaza. Nikamsogezea ungo wa mahindi, tukakaa kwenye mkeka tunapukuchua, gunzi juu ya gunzi, vidole gumba vikianza kuwaka. Debe lilikuwa limekaribia kujaa ndipo aliposema mwenyewe kwamba matokeo hayakumuuma kama yule mjomba aliyemwambia mbele za watu kwamba amekula ada bure. Kumbe jambo lake halikuwa mtihani. Ningeendelea na maneno yangu ningekuwa nampaka dawa mguu wakati jipu liko mgongoni.

Siku hiyo nilimpa msemo mmoja tu, mwishoni, na nikamfungulia maneno yake: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ndwele ni ugonjwa. Kuganga ni kutibu. Kilichopita hakina ugonjwa tena wa kutibiwa, hata kikiuma. Dawa iwekwe kwenye kinachokuja. Kisha tukaganga: Jumatatu tulipanda basi kwenda Iringa kuulizia nafasi za VETA. Bila ile Jumatatu msemo ungekuwa pole tu.

Msibani ni kugumu zaidi. Sisi huku tunapenda kusema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Ni maneno ya Ayubu, na watu husahau kwamba aliyasema kwa kufiwa kwake mwenyewe. Hakuna rafiki aliyemsemea. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo mambo yalipoharibika. Basi mwachie mfiwa aseme mwenyewe maneno hayo siku atakayoweza. Wewe sema "pole", teka maji, menya viazi, lala pale.

Na ipo misemo ya kuogopa. Mwanamke anapigwa, halafu anaambiwa "ndoa ni kuvumilia". Kijana anafanyishwa kazi bila ujira, anaambiwa "mchumia juani hulia kivulini", kivuli chenyewe ni cha tajiri. Kipimo changu ni hiki: tazama nani anafaidika wewe ukiuamini msemo huo. Kama ni yule anayekuambia, urudishe. Vilevile mtu ambaye kwa wiki nyingi hali, halali, au anasema afadhali asingekuwepo, usimpe msemo. Mpeleke hospitali, na usimwache peke yake njiani.

Hatua ya mwisho: pepeta

Juni baridi inapokaza na wateja wamepungua, nawasha jiko la mkaa, nafungua daftari, napitia kurasa zote za mwaka. Msemo ambao mistari yake ya matokeo ni mitupu mara tatu mfululizo naupiga msalaba, hata uwe mzuri namna gani. Ile iliyozaa kitu naihamishia ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Mwaka jana ilibaki tisa. "Noa kila unapojaza mafuta" imo. "Mvumilivu hula mbivu" imerudi, na parachichi lake.

Iliyopigwa msalaba siirudishi ubaoni, hata asubuhi nikiwa sina wazo lolote na chaki iko mkononi. Siku kama hizo naandika bei ya mbolea tu.